Saksafoni Iliyojipiga Yenyewe

Tulimwacha Josias katikati ya ukumbi, saksafoni iko mkononi, mdomo uko wazi, na mlio wa saksafoni bado unaendelea kusikika kama kawaida.

Usinilaumu, msomaji. Wiki nzima mmenipigia simu mkiuliza kama kijana alizimia, kama aliruka dirisha, kama ardhi ilipasuka ikammeza. Hakuna lolote kati ya hayo. Alisimama palepale kwenye ukumbi wa kanisa, mtaa wa Point, suti nyeupe imelowa jasho, noti ya pesa ya Maman Henriette imemning'inia puani, akapiga chafya ya pili.

Kwa waliokosa gazeti lililopita, naeleza upesi kisha tunasonga. Josias ni muuzaji wa duka la simu, Mkongo wa Uvira, ambaye Wakongo na Warundi wote wa Durban wanamjua kama mpiga saksafoni wa harusi. Ukweli ni kwamba hajawahi kupiga hata wimbo mmoja. Saksafoni aliinunua mbovu, kwa bei ya kutupa. Siku hiyohiyo akanunua CD moja dukani, mtaa wa Overport: nyimbo za zamani za jazi ya Brazil, zilizopotea madukani miaka na miaka, zikatolewa upya Ulaya. Mpigaji wake, Abelardo Quirino, alikuwa hatari kwelikweli, na kijitabu cha CD kilisema hajulikani alipo tangu zamani. Josias akamhesabu amekufa, akajiambia kwamba maiti haimfumanii mtu.

Basi kila Jumamosi rafiki yake Séverin, mpiga disko, anaweka CD. Watu wanaambiwa ngoma na piano ziko kwenye mashine, saksafoni ni ya Josias mwenyewe. Josias anavimbisha mashavu, anafumba macho, vidole vinakimbia. Watu wanatokwa machozi. Mmoja wa waliotokwa machozi ni Mireille, msusi wa saluni, binti wa mwisho wa Papa Léonard, na Papa Léonard ni shemasi asiyecheka ovyo.

Siku ile ilikuwa harusi ya Cathy, dada yake Mireille. Keki ikishaliwa, Papa Léonard alikuwa amekubali kusimama na kutangaza kwamba ndugu za Josias waje nyumbani kujitambulisha kwa ajili ya Mireille. Bila neno hilo la baba hakuna posa, hakuna mahari, hakuna Mireille. Keki ilikuwa imeshaliwa. Mzee alikuwa ameshashika mikrofoni.

Ndipo Maman Henriette, shangazi wa bi harusi, alipokuja akikatika, akabandika noti kwenye paji la uso la mpigaji, kama Wakongo wanavyomtunza mwanamuziki. Wengine wakafuata, noti juu ya noti. Ile ya Maman Henriette ikateleza kwa jasho, ikaziba pua, kijana akapiga chafya, chombo kikamtoka mdomoni. Muziki haukujali. Haya, tuingie.

Wa kwanza kushtuka alikuwa bwana harusi, kwa sababu alikuwa karibu. Aliacha kucheza mguu mmoja ukiwa hewani. Wasimamizi wakaacha, kwaya ikaacha, wapishi wakatoka jikoni na miko yao kuja kuona kulikoni. Kule kwenye mashine, Séverin akaona mambo yameharibika, akarukia kitufe cha kuzima. Kwa papara akakosea. Akabonyeza cha kuruka mbele.

Wimbo uliofuata ulikuwa na kasi mara mbili. Saksafoni ilipanda, ikashuka, ikacheka, ikalia, na Josias ameikumbatia kifuani kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

"Iko inapiga yenyewe," alisema Maman Henriette taratibu. "Yesu wangu. Iko inapiga yenyewe."

Nisiseme uongo, kuna waliodhani ni muujiza. Mama mmoja wa kwaya alishainua mikono juu na kuanza kushukuru. Kisha Séverin akakipata kitufe chenyewe, kukawa kimya, na katika kimya kile kila mtu akaelewa kwa wakati wake.

Maman Henriette alielewa kabla ya wengine. Alimsogelea Josias, akaibandua noti yake puani, akaipangusa kwenye kitenge, akairudisha kifuani alikoitoa. Nyuma yake akaja mjomba mmoja, naye akabandua ya kwake. Ikawa foleni, msomaji, foleni ya heshima kabisa, kila aliyebandika anakuja kubandua, wengine wakisema pardon kwa mwenye zamu. Méthode, Mrundi mwenye duka la viatu, alikosea akachukua isiyo yake, ukazuka ubishi hapohapo usoni mwa kijana. Josias alitulia tu kama ukuta wa matangazo.

Lakini macho yake hayakuwa kwenye noti. Yalikuwa kwa Mireille.

Mireille alikuwa mezani kwa wasimamizi, gauni la rangi ya dhahabu, nywele alizozisuka mwenyewe. Hakulia, wala hakutukana. Alimwangalia Josias jinsi mtu anavyoangalia nyumba aliyoishi, akakuta milango imehamishwa. Josias aliona bora angetupiwa kiatu. Alimpenda yule msichana mpaka usingizi ulikuwa unamkimbia, na sasa alikuwa anamwona anamponyoka mbele ya macho yake.

Papa Léonard akapuliza mikrofoni kuona kama iko hai.

"Bon," alisema. "Jeune homme, kijana. Minaomba upige sasa. Bila mashine ya Séverin."

"Papa, mimi..."

"Piga tu. Njo kazi yako," alisema, yaani ndiyo kazi yako.

Hapakuwa na pa kukimbilia. Josias aliiweka saksafoni mdomoni, akafumba macho kwa mazoea, akapuliza.

Ilikuwa mwaka 2010, mwezi wa Kombe la Dunia, na Durban yote ilikuwa inapuliza vuvuzela tangu asubuhi hadi jioni. Masikio ya watu yalikuwa yameshazoea mateso. Hata hivyo, kilichotoka kwenye saksafoni ile kilikuwa ni mlio wa ndama aliyekanyagwa. Ukumbi ulivumilia kidogo, kisha bi harusi mwenyewe akaangua kicheko, kope moja ya bandia ikadondoka kwenye soda. Baada ya hapo mbavu za watu hazikuwa na mwenyewe. Wazee walipigapiga meza. Séverin alicheka pia, chini ya meza ya mashine, alikojificha.

Josias alikuwa na ulimi mwepesi hata kama pumzi ilimshinda. Akaomba mikrofoni, akaeleza kwa huzuni kubwa kwamba hakuwa anadanganya mtu. Alisema yule mpigaji wa Brazil alikufa katika upweke, dunia ikamsahau, na yeye Josias aliapa kumtolea mwili wake kila Jumamosi ili roho ya msanii ipate pa kukaa. Alikuwa anamuenzi marehemu. Maneno yalimtoka matamu hivi kwamba mama wa kwaya akaanza tena kuinua mikono.

"Basi tusimame dakika moja," alimalizia Josias, "tumkumbuke marehemu Abelardo Quirino."

Watu wakasimama. Na kule nyuma kabisa, karibu na mlango, marehemu naye akasimama.

Alikuwa mzee mrefu, mweusi, mwenye sharubu nyeupe na jezi ya njano ya Brazil, paja la kuku mkononi. Alisikia jina lake, akadhani anaitwa. Aliinamisha kichwa kwa adabu, akatabasamu, akauma kuku.

Utauliza alifikaje. Siku iliyotangulia Brazil na Ureno walicheza Durban, mechi ikaisha bila bao, na mji ulikuwa bado umejaa njano. Mzee na dada yake walikuwa wanatembea Point kutafuta chakula, wakasikia muziki wao wenyewe unatoka kwenye ukumbi wa kanisa. Wakaufuata. Mlangoni hakuna aliyewauliza kadi, kwa sababu kwenye harusi ya Wakongo anayeonekana na njaa ameshaalikwa. Wakapewa viti, wakapewa sahani, wakapewa na kachumbari. Na kwa kuwa waliishi Brussels miaka mingi, Kifaransa walikuwa nacho cha kutosha.

"Marehemu ni mimi," alisema yule mzee kwa Kifaransa, baada ya jirani kumtafsiria. "Lakini najisikia vizuri, asanteni."

Josias alikaa chini sakafuni.

Méthode alikimbia kwenye mashine, akarudi na kasha la CD. Likawekwa kando ya uso wa mzee. Pua ileile. Sharubu zilezile, ila za kwenye picha zilikuwa nyeusi. Maman Henriette aligusa shavu la mzee kwa kidole kuhakikisha kama lina joto, kisha akapiga kigelegele kilichotikisa mabati. Kwenye harusi ya Cathy amekuja staa. Staa mwenyewe, wa kwenye kasha.

Msomaji, nawapenda watu wangu hawa. Hasira ilikwisha palepale. Zile noti zilizobanduliwa usoni kwa Josias zikatoka tena zilikofichwa, zikabandikwa usoni kwa Abelardo Quirino, na mzee alizipokea kama mtu aliyezaliwa Lubumbashi. Alibusu mikono ya akina mama. Alipiga picha na keki iliyobaki. Dada yake, bibi mfupi mnene aitwaye Zulmira, hakuinuka hata kidogo. Aliendelea na sahani yake ya pondu, yaani kisamvu, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko.

Kisha Papa Léonard akatamka lililokuwa kwenye mioyo ya wote. Alimwomba mgeni awapigie japo wimbo mmoja, kwa saksafoni ileile iliyowaaibisha.

Abelardo alikipokea chombo. Alikitazama juu, akakitazama chini. Alianza kueleza habari za mdomo wake, daktari wake, hewa ya bahari. Watu wakampigia makofi ya kumtia moyo. Hakuwa na jinsi, akakipandisha, akavimbisha mashavu, vidole vikaanza kukimbia.

Josias alikuwa bado sakafuni, usawa wa vidole vile. Vile vidole alivijua. Vilikuwa vinakimbia vizuri mno, vinatua popote, havibonyezi kitu. Alivijua kwa sababu alikuwa na vya aina hiyo kumi.

"Papa," alimnong'oneza Abelardo, "na weye pia?"

Mzee alimtupia jicho moja la chini, jicho la mtu anayezama akiomba kamba.

Hapo kijana alikuwa na nafasi yake. Angepaza sauti tu, angesema jamani hata huyu wa kwenye kasha ni kama mimi, na aibu yake ingegawanywa nusu kwa nusu. Lakini alimwona mzee anavyohangaika, akakumbuka mlio wake mwenyewe wa ndama, akashindwa. Alisimama, akamnyang'anya saksafoni, akawatangazia watu kwamba chombo ni kibovu, hata bingwa wa dunia hawezi kukipiga, wasimsumbue mgeni. Na hilo, kwa mara ya kwanza siku ile, lilikuwa kweli tupu.

Nadhani ndicho kilichomwinua Zulmira.

Alinawa mikono kwenye beseni, akaifuta vizuri, akaja katikati ya ukumbi na mkoba wake. Kutoka kwenye mkoba alitoa leso, na ndani ya leso kulikuwa na kipande cheusi cha mdomo wa saksafoni, kimeng'aa kwa kutumika. Aling'oa kile cha Josias, akachomeka chake. Akabonyeza vifuniko kimoja kimoja, akakunja uso. Viwili havikuwa vinafunga. Aliangalia huku na huku, akamnyooshea Mireille mkono na kumwomba mpira wa kufungia nywele. Msusi hakosi hiyo. Mireille alitoa miwili kwenye kibegi chake, akaishika mwenyewe wakati bibi anaizungusha kwenye vile vifuniko.

Zulmira akapiga.

Sina maneno mengi hapa, na wenye haraka mnisamehe. Ulikuwa wimbo uleule wa kwanza kwenye CD, ule ambao Josias alijifanya anaupiga kwa miezi mingi, na kila mtu pale aliujua kwa moyo. Tofauti ni kwamba sasa kulikuwa na mtu ndani yake. Ulisikia anapovuta pumzi. Ulisikia anapofurahi. Bi harusi alimshika mumewe mkono na kuuminya. Papa Léonard aliitoa miwani, akaifuta, akaivaa, akaitoa tena. Josias alilia waziwazi, machozi ya furaha na ya aibu kwa pamoja, kwa sababu alikuwa anaupenda ule muziki kuliko kitu chochote isipokuwa msichana mmoja.

Alipomaliza hakuna aliyehitaji kuelezwa, lakini alieleza. Wakati wa ujana wao huko Brazil, mpigaji alikuwa yeye. Wenye kampuni ya santuri walisema mwanamke mwenye saksafoni hauzi, wakaweka kwenye picha kaka mwenye sharubu nzuri. Walizunguka nchi nzima, Abelardo mbele anavimbisha mashavu, Zulmira nyuma ya pazia anapiga. Kisha walichoka, wakaondoka, wakasahauliwa, na yeye akashukuru. Sasa CD imetolewa upya, simu zimeanza tena. Kesho yake walikuwa wamealikwa kwenye jukwaa la wageni wa Kombe la Dunia kule ufukweni, na pazia lilishaandaliwa.

"Basi pazia hilo wafungie madirisha," alisema Zulmira. "Nimechoka kupumulia watu wengine. Sitabeba uongo tena, hata wa ndugu yangu."

Abelardo alipiga makofi kuliko wote. Alionekana kama mtu aliyetua gunia la saruji.

Kelele zilipotulia, Papa Léonard alikumbuka kazi aliyokuja nayo. Alimwita Josias mbele. Akamwambia, kwa sauti ya shemasi, kwamba kudanganya harusi za watu ni jambo moja, wataliongea kanisani. Lakini yeye alikuwa ameahidi neno, na neno lake si la kuchezea. Je, huyu kijana ana watu? Ana baba, ana mjomba, ana nani wa kuja kubisha hodi kwake? Yeye hawezi kumpa binti mtu aliyeota kama uyoga.

Josias alifungua mdomo. Kabla hajasema, mkono mrefu ukatua begani kwake.

"Baba yake ni mimi," alisema Abelardo Quirino.

Ukumbi ulivuta pumzi. Mzee hakurudi nyuma. Alieleza kwamba babu wa babu yake alichukuliwa kutoka pwani ya Kongo, akavushwa bahari kwa minyororo, na tangu hapo ukoo wao ulikuwa unatafuta waliobaki. Leo amewapata. Watu walitaka sana iwe kweli, wakaanza kutafuta ushahidi wenyewe. Maman Henriette aliapa kwamba masikio ni yaleyale. Méthode akaona na ndita. Mama mmoja akasema hata uongo wao unafanana, na hilo halikuweza kupingwa.

Mireille aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu ile chafya, kulikuwa na kitu kama tumaini machoni mwake. Josias alikiona. Kilikuwa karibu mno, angenyoosha mkono tu.

Lakini Papa Léonard hakuzaliwa jana. Alimgeukia Zulmira.

"Maman," alisema, huku mtu akimtafsiria bibi kwa Kifaransa, "weye njo ulisema hautabeba uongo tena. Minaamini kinywa yako. Sema mbele ya Mungu. Huyu mutoto ni wa kaka yako?"

Zulmira alimtazama kaka yake. Alimtazama Josias, macho mekundu, suti imechakaa kwa jasho. Akamtazama yule msichana wa mipira ya nywele. Josias aliona bega la bibi linashuka, aliona anavyovuta pumzi, na alijua anakwenda kusema ndiyo. Huruma ilikuwa inamrudisha nyuma ya pazia.

"Usiseme, Maman," alisema Josias.

Hakuomba mikrofoni. Safari hii hakuihitaji.

"Papa Léonard, mimi sina mutu. Baba na mama walibaki kule kwenye vita. Hapa Durban sina mjomba, sina kaka. Niko na kazi ya duka ya simu na hii chuma haikulia. Saksafoni nilidanganya sababu Mireille alilia siku ya kwanza, na mimi nikaogopa kumwambia haikuwa mimi. Njo yote. Hakuna mutu wa kuja kwako."

Alipomaliza alijisikia mwepesi, na alijua ameshapoteza.

Papa Léonard aliishusha mikrofoni, kisha akaipandisha tena. Uso wake ulilegea, nasema kweli, lakini desturi ni desturi. Alisema amesikia, na ameheshimu. Ila mtu haji kuposa peke yake. Lazima kuwe na upande wa mwanamume na upande wa mwanamke, viti vitazamane, watu waongee. Yeye hawezi kuongea na kiti kitupu.

Hapo, wapenzi wangu, ikasikika sauti ya plastiki inayoburuzwa kwenye saruji.

Alikuwa Maman Henriette. Shangazi mtu, dada wa Papa Léonard tumbo moja, alikuwa amekamata kiti chake cha plastiki na anakivuta kuvuka ukumbi. Alikiweka kando ya Josias, akakaa, akapanga kitenge chake.

"Mimi niko upande ya kijana," alisema.

Papa Léonard alimwuliza kama ana akili timamu. Alijibu kwamba wakati wanafika Durban wao wenyewe hawakuwa na upande, na Warundi wa chumba cha jirani ndio waliosimama wakawa wajomba wa Papa Léonard kwenye ubatizo wa Cathy. Au amesahau? Hakuwa amesahau. Méthode alikuwa mmoja wao, na Méthode naye alishabeba kiti. Akafuata mjomba wa foleni. Akafuata mama wa kwaya, kisha kwaya nzima, soprano kwanza. Wapishi walikuja na mabenchi. Séverin alitoka chini ya meza na spika moja akaikalia. Abelardo alimbebea dada yake kiti. Bi harusi na bwana harusi walitazamana, wakacheka, wakainua viti vyao vya kifalme vyenye maua na kuvivusha, shela ikifagia sakafu nyuma.

Ukumbi uliinama upande mmoja. Upande wa mwanamume walikuwa watu wasiohesabika, wanasukumana kwa furaha, wanaimba. Upande wa mwanamke alikuwa Papa Léonard, na meza, na chupa ya maji.

Josias aligeuka huku na huku kuwatazama. Alikuwa amekuja na upweke wake tu, sasa hakuwa na pa kuweka miguu.

Na Mireille? Mireille alikuwa bado amesimama katikati. Kila mtu alimpungia mkono aje. Josias alimsogezea nafasi. Yeye aliinua kiti chake, akageuka, akaenda kukiweka kando ya baba yake. Akakaa, akamshika mkono.

Nyimbo zilikatika.

"Papa hawezi kubaki pekee," alisema Mireille. "Upande yetu sasa iko na watu wawili. Na mahari yangu, mimi njo nitaisema."

Papa Léonard, maskini, alimpa mikrofoni bila kubisha.

"Sitaki ng'ombe," alisema Mireille. "Sitaki vitenge, sitaki frigo ya jikoni. Josias, miezi yote nilikuwa nabusu mutu nasikia pumzi ya mwingine. Ninakupenda, na niko na hasira, yote mbili. Kesho Maman Zulmira anapiga kule ufukweni, mbele ya Durban yote. Weye utapanda naye. Utapiga wimbo moja, na pumzi yako. Bila Séverin. Ukipiga, ndugu zako waje nyumbani Jumapili ileile. Ukishindwa, usinipigie simu."

Watu wa upande wa mwanamume walishangilia kwanza. Kisha, mmoja baada ya mwingine, walifikiri. Maman Henriette alianza kusali kwa sauti ya chini. Papa Léonard, kwa mara ya kwanza siku ile, alitabasamu.

Zulmira hakupoteza muda. Aliking'oa kipande chake cha mdomo kwenye saksafoni, akakirudisha kile cha Josias, akamwekea chombo mikononi, akamsimamisha wima kwa kumpiga kiganja mgongoni. Alimwonyesha pa kuweka meno. Alimwambia avute pumzi kutoka tumboni.

Josias alimtazama Mireille, akavuta pumzi mpaka vifungo vya suti vikakaza. Akapuliza kwa nguvu zake zote, na hakikutoka kitu. Tukutane gazeti lijalo, msomaji, huko ufukweni.